"Usijali, vijana watakubeba": kwa nini safari humkwamia mtu mwenye ulemavu

Mtu anayetumia kiti mwendo akipiga simu hoteli ya pwani, au kampuni ya utalii ya Arusha, na kuuliza kama kuna ngazi, jibu analopewa mara nyingi ni hili: "Karibu sana, usijali, vijana wapo, watakubeba." Anayelitoa ana nia njema kabisa. Kwetu kumpokea mgeni mzigo, kumshika mkono, hata kumbeba mzee kumvusha maji, ni adabu ya kawaida. Tazama sasa upande wa anayebebwa. Hashuki kutoka chumbani mpaka wapatikane watu wawili wenye nguvu. Akitaka kwenda chooni saa nane usiku, hao vijana wamelala. Wakimshika vibaya kwapani au akiwaponyoka ngazini, anayevunjika ni yeye. Na kama aliumia uti wa mgongo, huenda asihisi kwamba paja lake limekwaruzwa ukutani, akaja kugundua baada ya siku kadhaa, kidonda kikiwa kimeshachimba. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kumlaza mtu hospitalini kwa miezi.

Nimeanza na jibu hilo kwa sababu mkanganyiko mwingi wa suala hili umo ndani yake. Tunachukulia kwamba pakiwa na watu wa kusaidia, mahali pamefikika. Mahali panapofikika ni pale ambapo mtu anaingia, anatumia huduma na kutoka kwa uamuzi wake na kwa wakati wake, akisaidiwa pale anapotaka kusaidiwa. Ili hilo litokee safarini, mambo mengi yanapaswa kushikana: tiketi, uwanja wa ndege, gari, gati, mlango wa hoteli, choo. Kikikatika kimoja, vingine vyote havina faida.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Wengi wao hawatumii kiti mwendo. Wamo wasioona na wenye uoni hafifu, viziwi, watu wenye usonji, wenye ualbino, wenye ulemavu wa akili, na wenye maumivu ya viungo ambayo hayaonekani kwa nje. Ongeza wazee. Wageni wengi wanaokuja Serengeti na Maasai Mara ni wastaafu waliodunduliza fedha miaka mingi, na magoti yao hayapandi tena kidato cha Land Cruiser bila kushikiliwa.

Ulemavu upi?

Chukua ziara za mashamba ya viungo kule Unguja. Mtembezaji anachuma jani la mdalasini, analifikicha na kukupa unuse. Anapasua kungumanga kuonyesha basibasi iliyoizunguka. Anafukua mzizi wa manjano, anaukata kwa kisu, anakupa punje ya iliki uitafune. Mgeni asiyeona hapitwi na kitu cha maana hapo; pua, ulimi na vidole vinamtosha. Hakuna aliyeiandaa ziara hiyo kwa ajili yake, imetokea tu kumfaa. Lakini mgeni wa kiti mwendo akifika shamba lilelile wakati wa masika, magurudumu madogo ya mbele yanazama kwenye udongo kabla hajaufikia mkarafuu wa kwanza.

Kreta ya Ngorongoro ni kinyume chake. Utalii wa kule ni wa kukaa garini, kila mtu, mwenye miguu na asiye nayo. Mgeni wa kiti mwendo akishaingia kwenye gari yuko sawa na wenzake mpaka wakati wa kutafuta choo. Asiyeona, ndani ya gari hilohilo, anategemea mdomo wa dereva. Dereva akisema "simba yule pale" na kunyamaza, mgeni amelipa nauli ya kusikiliza injini. Akieleza kwamba jike amelala ubavu kando ya matete, kwamba watoto wawili wananyonya na wa tatu anasukumwa na wenzake, na kwamba ule mlio wa mbali ni wa nyumbu, mgeni huyo ameliona bonde. Maelezo hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji dereva aliyefundishwa kusema anachokiona, na hakika wageni wanaoona nao hufaidika.

Kwa hiyo tangazo linalosema "tunahudumia watu wenye ulemavu" halijasema kitu. Mwenye ualbino anauliza kama gari lina kivuli saa sita mchana paa likiwa wazi, na kama kuna darubini ya kumsogezea mbali. Mzazi wa mtoto mwenye usonji anauliza ratiba ikoje, kelele ziko wapi, na kama wanaweza kula saa ambayo ukumbi hauna watu.

Kwa viziwi nitakaa kidogo, kwa sababu wanasahaulika kwa urahisi zaidi. Mtu anawaza: kiziwi anaona na anatembea, ana shida gani mbugani? Shida ni kwamba lugha yake iko machoni, na mnyama naye yuko machoni. Hawezi kumtazama mkalimani wa lugha ya alama na chui kwa wakati mmoja. Waongozaji wenye uzoefu hubadili mpangilio: wanasimamisha gari mapema, wanaeleza kila kitu kwanza, kisha wanasogea karibu kwa utulivu bila kusema lolote, wageni watazame, halafu maswali baadaye. Mkalimani hukaa mbele, amegeukia nyuma. Dereva haongei huku akiwa amewapa kisogo.

Usiku kuna jambo zito zaidi. Katika kambi nyingi za mahema mgeni hupewa filimbi au kuambiwa apige kelele akiona hatari, na asubuhi mhudumu hupiga hodi nje ya hema akileta chai. Kiziwi anaweza kuipiga filimbi, ila hatasikia wenzake wakipiga za kwao, wala askari akimwita atoke kwa sababu ya moto. Dawa ni makubaliano ya jioni ya kwanza: tochi ikimulikwa mara tatu kwenye turubai maana yake ni hatari, mara moja ni chai. Kambi ambayo haikuyafanya makubaliano hayo imempokea mgeni lakini haijamlinda.

Herufi nne kwenye tiketi

Safari za ndege zina ukuta wake, na nyakati nyingine ukuta huo ni wa karatasi. Mashirika ya ndege huandika mahitaji ya abiria wa kiti mwendo kwa misimbo. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, ila umbali mrefu wa uwanjani unamshinda. WCHS hawezi ngazi, ingawa ndani ya ndege anajikongoja hadi kitini. WCHC hawezi kutembea kabisa, na anahitaji kile kiti chembamba kinachopita katikati ya safu mpaka kwenye nafasi yake.

Wakala asiyeuliza akaandika WCHR kwa mtu ambaye ni WCHC, kosa halionekani mpaka ndege itue na kuegeshwa mbali na jengo. Ngazi zinaletwa. Wahudumu wanasubiri chini na kiti, kwa sababu karatasi yao inasema abiria atashuka mwenyewe. Abiria naye amekaa juu, ndege imebaki tupu, wasafishaji wameingia. Ndipo lile jibu la kubebwa linarudi. Ukikata tiketi, taja msimbo wako mwenyewe, na toa taarifa angalau saa 48 kabla. Huo ndio muda unaotajwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006, inayowahusu abiria wote wanaoondokea viwanja vya nchi za Umoja huo. Mtu wetu anayeishi Ujerumani au Uholanzi akija nyumbani likizo analindwa nayo anapoondoka kule. Usikubali pia kuombwa cheti cha daktari kana kwamba ulemavu wako ni ugonjwa, kama hali yako ni ya kudumu na haijabadilika.

Kiti chenyewe ndicho hofu kubwa kuliko zote. Kiti kilichotengenezwa kwa vipimo vya mwili wa mtu ni miguu yake, lakini kikishapelekwa chini kwenye mizigo, sheria ya kimataifa inakihesabu kama begi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, fidia ya juu kabisa kwa mzigo ulioharibika au kupotea ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), kiwango kilichoanza tarehe 28 Desemba 2024. Ni kama dola elfu mbili za Marekani, na viti vya umeme vingi vinauzwa mara kadhaa ya hapo. Mkataba huohuo unaruhusu jambo ambalo wasafiri wachache wanalijua: kabla ya kukabidhi mzigo unaweza kutamka thamani yake halisi kwa maandishi, na ukilipa ada ya ziada kama itadaiwa, kikomo kinakuwa ile thamani uliyoitamka. Piga picha za kiti kila upande ukiwa kaunta. Mto wa kukalia, vilinzi vya pembeni na kishikio cha kuendeshea, vichomoe uingie navyo ndani.

Betri nazo huzua mabishano. Kwa betri ya lithiamu inayochomoka, kikomo cha kawaida ni saa-wati 300 kwa betri moja, au mbili zisizozidi 160 kila moja, na huingia na abiria ndani. Kupata namba hiyo zidisha volti kwa saa-ampea: betri ya volti 24 na saa-ampea 12 ni 288, inapita. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, ibandike kwenye betri, utapunguza nusu saa ya mjadala kaunta.

Kuna jambo halisemwi hadharani kwa sababu ya haya. Wapo abiria wasiokunywa maji tangu siku moja kabla ya safari kwa sababu wanajua hawataweza kufika choo cha ndege. Wanapanda wakiwa na kiu na wanashuka wakiumwa kichwa, na kwa mwenye matatizo ya figo au kibofu hiyo ni hatari ya kweli.

Halafu kuna zile ndege ndogo zinazokwenda Mara, Serengeti, Lamu au Mafia. Mzigo unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, kwenye begi laini. Kiti mwendo cha kusukuma kwa mkono, peke yake, kinaweza kumaliza kilo hizo zote, na kile cha umeme kinaweza kupita kilo 100. Mlango ni mdogo, ngazi ni nyembamba, na mashine ya kumnyanyua abiria hakuna kwenye kiwanja cha nyasi. Anayeuza safari hiyo anapaswa kusema hayo kabla ya kupokea malipo.

Kidato, mtaro, maji kupwa

Magari ya safari yenye lifti ya kunyanyua kiti mwendo yapo Kenya na Tanzania, ila ni machache, na uchache huo unapandisha bei. Mtu mwenye ulemavu husafiri kwa gharama kubwa kuliko mwenzake hata pale kivutio chenyewe ni bure: anakodi gari maana daladala au matatu hazimngoji, anamlipia msaidizi, analala hoteli ya ghali kwa sababu ile ya bei nafuu haina chumba cha chini.

Wakati mwingine jibu linakuja kutoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria utalii. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yana vituo vilivyoinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi, hivyo mtu anaingia akisukuma kiti chake bila kunyanyuliwa. Tatizo ni kufika kituoni, kupita mchanga na mtaro usio na kifuniko. Bajaji ina sakafu ya chini na kiti kinachokunjwa kinafungwa nyuma. Na mjini Dar baadhi ya madereva wa bajaji wenyewe ni watu wenye ulemavu wa miguu, wanaojua namna ya kumsaidia abiria ahamie kitini kuliko mtu aliyepewa semina ya siku moja. Kampuni za utalii zingewatafuta hao.

Pwani kuna kalenda nyingine ya kuzingatia. Kwenye magati madogo, boti hufungwa kando ya ngazi za mawe, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yakijaa, ukingo wa boti unakaribia usawa wa gati na mtu anahamishwa kwa hatua moja. Yakipwa, boti iko chini kabisa na ngazi zimefunikwa na utelezi wa mwani. Nahodha yeyote anajua saa za maji. Kumpangia mgeni aondoke saa moja na nusu baadaye ili maji yajae hakugharimu chochote, ila ratiba nyingi huchapwa bila kumuuliza nahodha.

Urithi wa dunia hauguswi?

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Ukiuliza kuhusu kizingiti cha mlango wa nakshi unaambiwa hakiguswi. Mara nyingi ni kweli, na mimi nisingependa kukiona kimekatwa. Lakini tuhesabu. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinadai mteremko wa mita 1.8. Katika uchochoro wenye upana wa mita mbili, mteremko wa kudumu wa urefu huo ungeziba njia ya watu, mikokoteni na, kwa Lamu, punda. Hapo ugumu ni wa kweli, na anayedai ni uvivu tu hajapita kwenye vichochoro hivyo.

Njia zipo hata hivyo. Kuna ubao wa aluminiamu unaotandikwa mgeni akifika na kuondolewa akishapita, mteremko ukiwa mkali kidogo na mtu mmoja akisukuma nyuma. Kuna mlango wa uani ambao hauna kizingiti, na kuna mgahawa unaoweza kuleta chakula chini badala ya kumpandisha mgeni paani. Wahifadhi wa majengo wanakubali zaidi kile kinachoweza kuondolewa baadaye bila kuacha jeraha. Wagiriki waliweka lifti mpya kwenye mwamba wa Akropolis, Athens, Desemba 2020, kwenye eneo lenye umri wa miaka zaidi ya elfu mbili na mia nne. Kule kwenye hifadhi ya wanyama ya Kruger, Afrika Kusini, kambi ya Berg-en-Dal ina njia ya miguu kandokando ya uzio yenye maelezo ya nukta nundu kwa wasioona. Hakuna simba aliyelalamika, wala mgeni mwingine aliyepungukiwa.

Ningetamani vyombo vya habari vitoe nafasi kwa mambo kama hayo kuliko vinavyotoa kwa mashujaa wa Kilimanjaro. Kyle Maynard, Mmarekani ambaye mikono yake inaishia kwenye viwiko na miguu karibu na magoti, alitambaa hadi kilele cha mita 5,895 mwaka 2012. Ninamheshimu sana. Ila habari ya namna hiyo ikisimuliwa peke yake, msomaji anaondoka akiamini kwamba kinachotakiwa ni moyo wa chuma, na mwenye hoteli chini ya mlima anaachwa na mlango wake wa bafu ulivyo.

Sheria zinasemaje

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unautaja utalii kwa jina katika ibara ya 30. Unadai huduma za utalii zifikike. Kwa minara na maeneo ya urithi wa taifa unaongeza maneno "kadiri inavyowezekana", na hapo ndipo wengi hujificha. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari, kwa kiasi kinachofaa. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na Kenya imetunga mpya mwaka 2025. Maandishi tunayo. Ninachokiona kikikosekana ni ukaguzi: mtu wa kwenda na futi ya kupimia kabla hoteli haijapewa leseni au nyota.

Sentimita

Kama kuna kitu kimoja ningemwomba mwenye nyumba ya wageni, hoteli au kambi, ni kupima na kutangaza. Aache neno "rafiki kwa walemavu". Aandike vipimo vya vitu vilivyopo, pamoja na vile vibaya. Kwa mfano hivi:

"Mlango wa mbele una kizingiti cha sentimita 12, tuna ubao wa kutandika. Chumba namba 2 kiko chini, mlango wake una upana wa sentimita 84. Mlango wa bafu ni sentimita 68, na ndani kuna ukingo wa sentimita 4. Hakuna vishikio ukutani, ila tuna kiti cha plastiki cha kuogea. Kimo cha kitanda ni sentimita 55, nafasi ya upande wa kulia ni sentimita 95. Kutoka barabarani hadi mlangoni ni mita 120 za mchanga mgumu, mvua ikinyesha huwa tope. Kengele ya moto ni ya sauti tu, haina taa. Menyu tunaweza kukutumia kwa simu uisikilize."

Aweke na picha ya bafu, iliyopigwa mlango ukiwa wazi. Bahari tumeshaiona.

Mwenye kiti cha sentimita 62 akisoma hayo anaweka nafasi leo. Kiziwi anajua atalazimika kukubaliana na mlinzi juu ya tochi. Na mwenye kiti cha sentimita 69 anapiga simu kuuliza kama ule mlango wa bafu unaweza kung'olewa kwa siku atakazokaa, pazia likawekwa mahali pake, maana ubao wa mlango peke yake hula sentimita tatu au nne za uwazi. Fundi mwenye bisibisi anaimaliza kazi hiyo asubuhi moja.